Taiti ya mazoezi isiyoonyesha: ipime ikiwa imevutwa

Kazi yangu ni kupima vitambaa vya nguo za michezo kabla havijafika mezani kwa mkataji. Navivuta, navilowesha, navifua tena na tena, kisha naandika kama vinafaa au havifai. Swali ninaloulizwa kuliko mengine yote, na wanawake hasa, na siku hizi wanaume wanaokimbia na kuendesha baiskeli pia, ni hili: nitajuaje kwamba taiti hii haitaonyesha ndani nikichuchumaa? Ni swali la haki kabisa. Mtu akiwa mazoezini anapaswa kuwaza pumzi na magoti yake, si kama aliye nyuma yake anaona rangi ya chupi.

Wengi hulijibu kwa kupapasa unene. Wanashika kitambaa kwa vidole viwili, wakikiona kizito wanalipa na kuondoka. Unene una nafasi yake na nitaufikia, lakini kinachoamua ni mvuto, yaani kitambaa kimetanuka kiasi gani pale makalioni wakati umeinama. Taiti nene iliyovutwa kupita kiasi itakuanika, na ya wastani iliyokukaa sawasawa itakusitiri.

Sababu iko kwenye ufumaji. Kitambaa cha taiti ni vitanzi vilivyopitishwa kimoja ndani ya kingine. Ukikivuta, kila kitanzi hupanuka na katikati hufunguka tundu. Mwanga hupenya hapo, hugonga ngozi au chupi, kisha hurudi kwenye jicho la anayetazama. Hesabu yake si ngumu. Chukua kitambaa chenye uzito wa gramu 300 kwa mita ya mraba. Kivute kwa upana hadi mara moja na nusu, urefu ukibaki ulivyo: gramu zile zile 300 sasa zimetandazwa kwenye mita moja na nusu ya mraba, kwa hiyo kila mita imebaki na gramu 200. Kitambaa cha gramu 220 kikivutwa hivyo hivyo hubaki na gramu 147 hivi. Huo ndio uzito unaokusitiri, si ule ulioushika kwa vidole ikiwa imetundikwa.

Sasa kumbuka kwamba taiti hukatwa ndogo kuliko mwili kwa makusudi, ili ibane na isiteleze. Ukiivaa tu, kabla hujasogea, tayari imevutwa. Kiasi gani? Hapa futi ya fundi inafaa kuliko kioo. Itandaze taiti mezani bila kuivuta, pima upana wake sehemu ya makalio, zidisha mara mbili, halafu linganisha na mzunguko wa nyonga zako. Tuseme nyonga zako ni sentimita 100 na taiti ni 80: imevutwa kwa asilimia 25 ukiwa umesimama. Kama taiti ni sentimita 68, imevutwa kwa asilimia 47 na bado hujafanya lolote. Ukichuchumaa, ngozi ya makalio na ya magoti hurefuka kwa theluthi hivi, na kitambaa lazima kiifuate. Mimi nikiona mvuto wa kusimama umepita asilimia 40, huwa sisubiri kipimo kingine. Namshauri mtu apande saizi.

Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu nimeona watu wengi wakijilazimisha kuingia kwenye saizi wanayotamani, kisha wanailaumu rangi, au wanaulaumu mwili wao. Namba iliyo kwenye lebo haionwi na mtu, ila kitambaa kilichofunguka kinaonekana na kila mtu. Taiti kubwa kidogo yenye mkanda mpana wa kiunoni, hasa wenye kamba ya kukaza kwa ndani, hukaa vizuri kuliko ndogo inayokukata pumzi.

Turudi kwenye uzito. Taiti nyingi nzuri za mazoezi huwa kati ya gramu 220 na 320 kwa mita ya mraba. Chini ya 200 naishuku, isipokuwa rangi ni nyeusi sana na ufumaji ni wa kubana. Juu ya 300 utasitirika lakini utatoka jasho zaidi, jambo linaloweza kukukera ukikimbia mbali, ingawa kwa kunyanyua vyuma ni sawa. Ubaya ni kwamba lebo ya ndani ya nguo haitaji uzito huu. Inataja aina za nyuzi na asilimia zake tu. Anayeuza mtandaoni mara nyingine huuandika kwenye maelezo, na asipouandika, muulize. Muuzaji anayeijua bidhaa yake atakuwa na jibu.

Uzito ukishalingana, tazama ufumaji wenyewe. Kuna kitambaa cha safu moja, kile kinachotumika kwenye fulana: upande mmoja una vitanzi kama herufi V ndogo na upande wa pili una mawimbi, na ukikata pembeni kinajikunja. Na kuna cha safu mbili, kinachoitwa intaloki, ambacho pande zote mbili zinafanana na kingo zake hazijikunji. Kwenye intaloki safu mbili za vitanzi zimefungamana mgongo kwa mgongo, hivyo kikivutwa, mwanga hukutana na safu mbili za uzi badala ya moja. Ukiniambia nichague kati ya safu moja nene na intaloki ya uzito huo huo, nitachukua intaloki bila kufikiri mara mbili. Taiti za safu moja za pamba na elastani, yaani uzi unaovutika, zile laini za kuvaa nyumbani, ndizo zinazoongoza kwa kuonyesha, na kuzipeleka kwenye skwati ni kuzionea.

Zile zinazofumwa mzima mzima bila mishono ya pembeni zinahitaji jicho lako zaidi. Mashine huzifuma kwa ukazo tofauti sehemu tofauti: pengine kiunoni pamebana, makalioni pana mistari ya urembo, nyuma ya goti pana matundu ya hewa. Mistari ile hupendeza, lakini ikivutwa mabonde yake hufunguka kabla ya vilima. Ipime hapo hapo penye urembo, usiipime pajani.

Elastani, ambayo lebo nyingine huiita spandeksi, ilibuniwa na mkemia Joseph Shivers wa kampuni ya DuPont mwaka 1958. Uzi wake unaweza kuvutwa hadi mara tano ya urefu wake na ukarudi. Kwenye taiti za mazoezi huwa asilimia 15 hadi 25, na kinachobaki ni nailoni au poliesta. Watu hudhani elastani nyingi ni kusitirika zaidi. Si hivyo moja kwa moja. Kazi yake ni kurudisha vitanzi mahali pake baada ya kuvutwa. Ikiwa kidogo mno, makalio na magoti ya taiti hulegea na kubaki yamefumuka. Ila yenyewe haikufuniki. Unafunikwa na nailoni au poliesta. Na kwa kuwa elastani haishiki rangi sawasawa na nyuzi hizo, kwenye kitambaa cheusi kilichotiwa rangi ovyo utaona vijiti vyeupe vikichungulia kikivutwa.

Mwanga una njia ya pili, nayo ni kupita ndani ya uzi wenyewe. Nailoni tupu hung'aa na hupitisha mwanga. Viwanda hutia humo unga mweupe wa dayoksaidi ya titani ili kuufifisha mng'ao na kuutawanya mwanga, kwa hiyo taiti yenye uso mkavu, usiometameta, kwa kawaida husitiri kuliko inayong'aa. Vilevile uzi uliogawanywa katika nyuzinyuzi nyingi nyembamba mno hufunika vizuri kuliko uzi wa uzito ule ule wenye nyuzinyuzi chache nene, maana hutanda. Ukigusa taiti ukahisi ulaini wa ngozi ya pichi, wenye vinyweleo visivyoonekana, hiyo ni alama nzuri.

Jasho nalo lina sayansi yake. Kitambaa kikavu kina hewa katikati ya nyuzi, na mwanga unapotoka kwenye hewa kuingia kwenye uzi hupinda na kutawanyika. Ndiyo maana kinaonekana kizito machoni. Maji yakijaza nafasi ya hewa, tofauti kati ya uzi na kilichouzunguka hupungua, mwanga haupindi sana tena, unapenya. Taiti nyeupe au ya rangi ya krimu iliyofaulu vipimo vyote ikiwa kavu inaweza kufeli ndani ya robo saa ya mazoezi. Kwa hiyo rangi za mwanga siziamini mpaka nizione zimelowa. Lowesha kitambaa kingine kwa maji, gusa nacho sehemu ndogo ya ndani ya makalio ya taiti, weka mkono nyuma yake. Nyeusi, samawati ya usiku, kijani cha msituni na zambarau iliyokolea humeza mwanga mwingi, nazo ni salama zaidi. Kijivu mara nyingi husitiri, ila huchora ramani ya jasho. Zenye maua na michoro zina mtego wake: nyingi huchapwa juu ya poliesta nyeupe, rangi ikabaki usoni tu, na zikivutwa weupe wa chini hujitokeza. Geuza taiti nje ndani. Ikiwa ndani ni nyeupe pe, ivute kwa nguvu kabla hujaipenda.

Kipimo ninachokiamini zaidi dukani hakihitaji kifaa. Ingiza mkono ndani ya taiti hadi sehemu ya makalio, si mguuni. Panua vidole, simama karibu na dirisha lenye mwanga wa mchana, maana taa za dukani hutoka juu na huficha mengi. Vuta kitambaa mpaka sentimita 10 ziwe 15. Ukiweza kutofautisha kucha na ngozi, irudishe. Ukiona kivuli tu cha mkono, endelea. Kisha achia na utazame: sentimita 15 zile zinapaswa kurudi 10 papo hapo. Zikibaki 11, baada ya miezi michache taiti hiyo itakuwa imefumuka yenyewe.

Ukishaivaa, usijitazame kwenye kioo kwa kugeuza shingo, kwa sababu ukigeuka hujainama kwa kweli. Weka simu nyuma yako kwenye usawa wa nyonga, rekodi video mchana, chuchumaa hadi chini, simama, kisha inama miguu ikiwa imenyooka. Rudia ukiwa umewasha tochi ya simu. Unapoitazama video, simamisha pale ulipo chini kabisa na ulinganishe rangi ya makalio na rangi ya mashavu ya miguu. Zikiwa sawa, kitambaa kimehimili. Makalio yakiwa yamepauka kuliko mashavu ya miguu, vitanzi vimefunguka, hata kama bado huoni chupi. Jua kali au mwanga wa kamera vitamalizia kazi. Tazama pia msamba. Taiti yenye kiraka cha pembetatu au cha almasi pale mishono inapokutana hugawa mvuto. Yenye mishono minne inayokutana kwenye nukta moja huuelekeza wote hapo.

Chupi nyeupe ndani ya taiti nyeusi ndiyo inayoonekana upesi kuliko zote, kwa kuwa hurudisha mwanga mwingi. Vaa inayokaribiana na rangi ya ngozi yako, isiyo na mshono mnene pembeni.

Machi 2013, Lululemon, kampuni ya nguo za mazoezi ya Kanada, iliondoa madukani suruali nyeusi za kitambaa chake cha Luon kwa sababu zilikuwa zinaonyesha. Zilikuwa takriban asilimia 17 ya suruali za wanawake kwenye maduka yake. Novemba mwaka huo mwanzilishi wake, Chip Wilson, alisema kwenye televisheni ya Bloomberg kwamba miili ya baadhi ya wanawake haifai kwa suruali hizo, na baadaye akaomba radhi. Mimi nafanya kazi upande wa kiwanda na naupinga mtazamo huo kwa moyo wote. Mapaja yanayosuguana na nyonga pana ni miili ya kawaida ya wanaonunua nguo hizi, na ni wajibu wetu kupima kitambaa kikiwa kimevutwa kama kitakavyovutwa na miili hiyo, saizi ndogo hadi kubwa. Ukirudisha taiti kwa sababu inaonyesha, andika hivyo kwenye sababu za kurudisha. Sisi huku tunazisoma.

Iliyofaulu leo inaweza kufeli baadaye, na mara nyingi inauawa kwenye ufuaji. Joto kali na klorini huvunja elastani, na dawa ya kulainisha nguo huacha utando juu ya nyuzi unaozuia jasho kutoka. Ifue kwa maji yasiyozidi nyuzi joto 30, nje ndani, mbali na zipu na jinzi, na uianike kivulini. Mashine ya kukaushia usiitumie. Kila baada ya miezi michache irudishe kwenye kipimo cha mkono dirishani. Ukiona vinywele vyeupe vilivyojikunja vimechomoza sehemu ya ndani ya mapaja au makalioni, hizo ni nyuzi za elastani zilizokatika, na kitambaa hapo hakirudi tena kikivutwa. Taiti ya namna hiyo ihamishie kwenye kulalia au kufanyia usafi, au ivae chini ya kaptula.