Hedhi ya kawaida ni ipi, na lini umwone daktari

Swali ambalo daktari wa magonjwa ya wanawake huuliza mapema kabisa ni jepesi: hedhi yako ikoje? Mara nyingi hujibiwa kwa neno moja: kawaida. Akizidi kuuliza ndipo mambo yanapojitokeza. Unabadilisha pedi mara ngapi? Siku ya pili na ya tatu, kila baada ya saa moja na nusu. Na usiku? Natega saa iniamshe, na natandika taulo juu ya shuka. Mabonge yanatoka? Yanatoka, makubwa. Tangu lini? Tangu nilipomzaa mtoto wa pili, mwaka wa sita huu.

Mwanamke huyo hakudanganya aliposema kawaida. Amezoea. Jambo ukiishi nalo miaka sita linakuwa sehemu ya maisha yako, na hakuna mwanamke anayeiona hedhi ya mwenzake akapata kulinganisha. Ndiyo maana neno hili linahitaji kufafanuliwa kwa vipimo, maana lina vipimo.

Tuanze na mzunguko. Huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya damu mpaka siku ya kwanza ya damu ya mwezi unaofuata. Wengi huanza kuhesabu siku damu inapokatika, basi mzunguko wa siku 27 wanauita wa siku 22 na kuingiwa na hofu bure. Shirikisho la kimataifa la madaktari wa uzazi na magonjwa ya wanawake, FIGO, linahesabu kuwa ni kawaida mzunguko wa siku 24 hadi 38, na damu isiyozidi siku 8. Kuchelewa au kuwahi siku chache mwezi huu na mwezi ule hakuna neno. Kwa binti aliyevunja ungo karibuni, miaka miwili au mitatu ya mwanzo mzunguko huyumba, kwa sababu mawasiliano kati ya ubongo na ovari hayajatulia. Kwa aliyepita miaka 40 huyumba tena, safari hii kwa kuwa ovari zinaelekea kupumzika.

Kiasi cha damu ndicho kinachosumbua kukipima. Kwa wanawake wengi hedhi nzima, tangu mwanzo hadi mwisho, ni mililita 30 hadi 40, yaani vijiko viwili au vitatu vya mezani. Zamani vitabu viliweka mpaka kwenye mililita 80: ukipita hapo, hedhi yako ni nzito. Lakini nani anapima damu yake kwa mililita? Mwaka 2007 mwongozo wa tiba wa Uingereza uliuacha mpaka huo na kusema hedhi nzito ni ile inayovuruga maisha ya mwanamke, kimwili, kijamii, kihisia au kimali. Naipenda tafsiri hiyo, kwa sababu inampa mwanamke mwenyewe mamlaka ya kusema imetosha. Hata hivyo zipo dalili zinazoonekana kwa macho: pedi inayojaa ndani ya saa moja au mbili, kulazimika kuvaa pedi mbili kwa pamoja, damu kupenya hadi kwenye nguo, kuamka usiku kubadilisha, mabonge yenye upana wa kupita sentimita 2.5, au damu inayopita siku 8. Moja tu kati ya hizo, ikijirudia mwezi baada ya mwezi, inatosha kumwona daktari.

Kinachopotea pamoja na damu ni madini ya chuma, na hapa ndipo hedhi nzito inapoumiza watu kimyakimya. Shirika la Afya Duniani linahesabu kuwa mwanamke asiye mjamzito ana upungufu wa damu pale wekundu wa damu (himoglobini) unaposhuka chini ya gramu 12 kwa desilita. Lakini akiba ya chuma mwilini, inayopimwa kwa kipimo cha feritini, huanza kuisha kabla wekundu haujashuka. Mtu anachoka akiwa ameamka sasa hivi. Akipanda ngazi moyo unamwenda mbio. Nywele zinapukutika, kichwa kinakuwa chepesi akisimama ghafla, na wengine hushikwa na hamu ya kutafuna barafu au udongo. Akilalamika anaambiwa apunguze kazi. Ukienda kupima, omba na feritini, si wekundu wa damu peke yake. Na ukipewa vidonge vya chuma, uliza pia damu inapotea kwa nini. Bila hivyo unajaza ndoo inayovuja.

Sababu zenyewe ni nyingi, na nyingi zinatibika. Zipo faibroidi, uvimbe unaoota kwenye msuli wa mji wa mimba, ambao karibu daima si saratani. Vipo vinyama vidogo vinavyoota kwenye ukuta wa ndani. Ipo adenomaiosisi, ambapo tishu ya ukuta wa ndani huingia ndani ya msuli na mji wa mimba ukavimba. Kuna homoni zilizoyumba, tezi ya thairoidi iliyolegea, kitanzi cha shaba, dawa za kuzuia damu kuganda. Baadhi ya hizi huonekana kwa altrasaundi, nyingine kwa kupima damu. Wala tiba si kisu tu: kuna vidonge vinavyopunguza damu siku za hedhi pekee, kuna kitanzi chenye homoni, kuna dawa za kutuliza maumivu ambazo pia hupunguza damu. Kuondolewa kizazi ni njia moja kati ya nyingi, na mwanamke ana haki ya kuelezwa zile nyingine kabla ya kutia saini.

Sababu moja husahauliwa, nayo ni ugonjwa wa damu kutoganda vizuri. Mwaka 1926 daktari wa Kifini, Erik von Willebrand, aliandika habari za familia moja ya visiwa vya Åland iliyosumbuliwa na kutokwa damu. Binti aliyemvuta kwenye uchunguzi huo alifariki akiwa na miaka 13, kwa damu ya hedhi yake ya nne tu. Ugonjwa ule leo unabeba jina la daktari huyo, unapimika na unatibika. Basi binti ambaye hedhi yake ni nzito tangu ile ya kwanza kabisa, na akijikata damu haikatiki upesi, au akipiga mswaki ufizi unatoka damu, au ana michubuko ya bluu asiyojua chanzo chake, apelekwe kupimwa. Asiambiwe kuwa ndio ukubwa huo.

Maumivu nayo yana kawaida yake. Mji wa mimba hujikaza ili kusukuma damu nje, na kemikali zinazoukaza ndizo zinazoleta tumbo la hedhi, kuharisha na hata kichefuchefu. Maumivu hayo huja na damu, hukaa siku moja hadi tatu, na dawa kama ibuprofeni huyatuliza, hasa ikinywewa mapema. Yakikulaza kitandani, yakikukosesha shule au kazi kila mwezi, yakianza siku kadhaa kabla ya damu, au ukiumia wakati wa tendo la ndoa na wakati wa haja kubwa, hiyo ni habari nyingine. Huenda ni endometriosisi: tishu inayofanana na ile ya ukuta wa mji wa mimba inaota mahali pengine, kwenye ovari, kwenye utumbo, nyuma ya kizazi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa inampata karibu mwanamke 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa. Wengi hukaa miaka mingi kabla ya kugunduliwa, kwa sababu kila wanapopita wanaambiwa ni chango tu, ukizaa litaisha. Kuzaa si dawa yake. Na altrasaundi iliyo safi haitoshi kusema ugonjwa haupo, kwa sababu madoa madogo hayaonekani humo. Ukirudishwa nyumbani na karatasi iliyoandikwa hakuna tatizo huku unaumia, rudi tena, au tafuta daktari mwingine.

Kukosa hedhi nako ni dalili. Kwanza pima mimba, hata kama una uhakika. Ukipita miezi mitatu bila hedhi na mimba haipo, usifurahie tu mapumziko. Huenda ni uzito uliopungua mno, mazoezi makali, thairoidi, au ugonjwa wa ovari zenye vifuko vingi, ambao huja pia na chunusi zisizokwisha na nywele kidevuni. Ugonjwa huu huongeza hatari ya kisukari, na ukuta wa mji wa mimba usiomwagika kwa muda mrefu unaweza kubadilika vibaya. Hivyo hutibiwa hata kwa asiyetafuta mtoto.

Kuhusu ute wa ukeni nitasema kwa ufupi. Ute mweupe au usio na rangi, unaobadilika kadiri mwezi unavyokwenda, ni afya. Mzito kama maziwa yaliyoganda, wenye muwasho, mara nyingi ni fangasi. Wenye harufu ya samaki mara nyingi ni bakteria waliokosa uwiano. Wa njano au kijani wenye povu unahitaji kupimwa magonjwa ya zinaa, pamoja na mwenzi wako. Kujiosha ndani kwa sabuni au manukato huzidisha tatizo, kwa kuwa huua bakteria wanaolinda uke. Mkojo unaochoma ni jambo la kupimwa. Ukiongezeka homa na maumivu ya ubavuni, huenda maambukizi yamefika kwenye figo, na hapo unakwenda siku hiyohiyo.

Zipo damu mbili za kutopuuzwa hata zikiwa tone. Ya kwanza ni ile inayotoka baada ya tendo la ndoa. Mara nyingi ni uvimbe mdogo au mchubuko wa mlango wa kizazi, lakini ndiyo pia dalili mojawapo ya saratani ya hapo. Ya pili ni damu baada ya ukomo wa hedhi. Mwanamke akikaa miezi 12 mfululizo bila hedhi, amefika ukomo. Damu yoyote baada ya hapo haiitwi hedhi tena, hata ikifanana nayo. Wengi wanaopimwa hukutwa hawana saratani, lakini saratani ya ukuta wa mji wa mimba kwa kawaida hujitangaza kwa damu hiyo mapema, ikiwa bado inatibika vizuri.

Saratani ya mlango wa kizazi, kwa upande mwingine, mwanzoni haina dalili. Karibu zote husababishwa na HPV, virusi vinavyoambukizwa kwa tendo la ndoa, na huchukua miaka mingi kukua. Shirika la Afya Duniani linapendekeza uchunguzi uanze ukiwa na miaka 30, na miaka 25 kwa anayeishi na virusi vya ukimwi. Aliyepata chanjo ya HPV naye achunguzwe. Kwenye matiti, angalia kilichobadilika: uvimbe mpya, ngozi iliyobonyea au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani wakati haikuwa hivyo, au damu kwenye chuchu. Kutouma hakumaanishi ni salama.

Kabla ya kwenda, andika. Miezi mitatu kwenye daftari au simu: siku damu ilipoanza na ilipokatika, pedi ngapi kwa siku, ni lini uliumia na ulikunywa dawa gani. Yule mwanamke wa mwanzo, badala ya kusema kawaida, angeweka karatasi mezani, na daktari angeanzia hapo.

Daftari hilo lisikucheleweshe pale ambapo hakuna muda. Pedi zikijaa kila saa kwa saa mbili au zaidi mfululizo, na kichwa kinazunguka, nenda usiku huohuo. Hedhi ikichelewa kisha yakaja maumivu makali ya tumbo la chini, hasa upande mmoja, au maumivu kwenye ncha ya bega, au ukazimia, inaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi, na ikipasuka damu humwagika ndani ya tumbo bila kuonekana nje. Usijiendeshe gari, nenda na mtu, na mhudumu wa kwanza utakayemkuta mwambie kwamba huenda una mimba, hata kama hujapima.