Je, wajua kwa nini herufi za mlazo (italiki) si herufi zilizoinamishwa tu?

Andika neno "fahari" kwenye kompyuta kwa fonti ya Times New Roman, kisha bonyeza kitufe cha mlazo. Itazame "a": ile iliyokuwa na kichwa kilichojikunja juu ya tumbo sasa imebaki tumbo tupu na kijimkia. "F" ndogo nayo imeteremsha mguu chini ya mstari. Kama ingekuwa ni kuinamisha tu, maumbo haya yasingebadilika. Huu ni mwandiko mwingine kabisa.

Ulizaliwa Italia katika karne ya 15. Wasomi wa Florence, akiwemo Niccolò Niccoli, walikuwa wakinakili vitabu vya Kilatini kwa mkono, na anayeandika mbio haiinui kalamu ovyo: herufi hushikana, hubanana, na kuegemea kulia. Aldo Manuzio, mchapaji wa Venice, aliutaka mwandiko huo vitabuni. Fundi wake, Francesco Griffo, akauchonga kwenye ncha za vyuma, na mwaka 1501 kikatoka kitabu cha Virgil, mshairi wa Roma ya kale, cha kwanza kuchapwa chote kwa mlazo. Kilikuwa kidogo, cha kushikika mkononi. Wengi husema shabaha ilikuwa kubana karatasi. Mimi naona mvuto mkubwa zaidi ulikuwa mtindo, maana huo ndio mwandiko waliouenzi wasomi. Cha kuchekesha, herufi kubwa za kitabu hicho zimesimama wima, kama walimu katikati ya wanafunzi waliosinzia.

(Griffo na Manuzio hawakudumu pamoja. Kufikia 1503 fundi alikuwa Fano, mji mwingine wa Italia, akimchongea mchapaji mwingine mlazo mpya.)

Baadaye ndipo mlazo ukawa msaidizi wa herufi za wima: kutaja jina la kitabu, neno la kigeni, au jina la kisayansi kama *Panthera leo*, yaani simba.

Ile sura ya kalamu yenye ncha pana, nene hapa, nyembamba pale, bado ipo wazi katika Zapf Chancery, fonti ya msanifu Hermann Zapf, iliyotoka mwaka 1979. Fonti za aina hiyo hupendeza kwenye kadi ya harusi, kwa majina ya bwana na bibi harusi. Ramani ya kufika ukumbini iandikwe kwa fonti nyingine. Na majina yenyewe yasiandikwe kwa herufi kubwa tupu: mikia yake itagongana, na mgeni atabaki kukisia anayeolewa ni nani.