Kemet: nchi nyeusi, na kwa nini tunaijua kupitia ile nyekundu

Wamisri wa kale hawakuiita nchi yao Misri. Jina hilo Kiswahili kilipewa na Kiarabu, na Kiarabu nacho kililikuta: Waebrania walisema Mitsrayim, na mabamba ya udongo ya Babeli na Ashuru yanataja jina la ukoo huohuo. Ni jina la majirani wa upande wa Asia. Wagiriki wakaja na lao, Aigyptos, lililozaa majina yanayotumika Ulaya hadi leo. Hilo linatokana na Hut-ka-Ptah, hekalu la mungu Ptah katika mji wa Memphis, karibu na Cairo ya sasa. Ni kama nchi nzima iitwe kwa jina la msikiti mmoja wa mji mkuu. Mwenyeji mwenyewe, ukimuuliza kwao ni wapi, angekujibu: Kemet.

Au kitu kinachokaribia hapo. Hieroglifi, maandishi yao ya picha, ziliandika konsonanti tu, kwa hiyo kilichopo kwenye mawe na mafunjo ni k-m-t, na hizo "e" mbili tumezitia sisi ili neno litamkike. Wakopti, yaani Wakristo wa Misri ambao lugha yao ya ibada ndiyo kitinda mimba wa Kimisri cha kale, hulitamka Keme au Khemi kutegemea lahaja. Mzizi wake ni km, wenye maana ya "-eusi", na ile t ya mwisho ni alama ya jinsia ya kike. Kwa hiyo Kemet ni "ile nyeusi".

Ile nyeusi ipi: udongo au watu? Hapa ndipo watu walipogombana, na ugomvi wenyewe ni rahisi kuuelewa kwa mtu anayejua Kiswahili. Chukua mzizi -reno. Ukiutia U- umepata nchi, ukiutia Wa- umepata watu, ukiutia Ki- umepata lugha. Kimisri nacho kilikuwa na alama ya kumwelekeza msomaji, ila kiliiweka mwishoni na haikutamkwa. Neno Kemet huanza na alama inayochukuliwa kuwa kipande cha ngozi ya mamba, kisha bundi, kisha mkate mdogo wa mviringo, na mwisho duara lenye njia mbili zinazopishana ndani yake. Duara hilo ni alama ya mji au mahali panapokaliwa. Linafanya kazi ya U- yetu: linamwambia msomaji kwamba kinachotajwa ni nchi. Wangetaka kusema watu, wangechora mwanamume na mwanamke walioketi.

Mwaka 1974, katika mkutano ulioitishwa na UNESCO jijini Cairo, mwanahistoria Cheikh Anta Diop wa Senegal alitetea kwa nguvu kwamba neno hilo lilihusu weusi wa watu wenyewe. Alikuwa na Théophile Obenga wa Kongo-Brazzaville, na wawili hao walijiandaa kuliko wengi waliokuwa mezani siku hiyo. Katika jambo hili moja, hata hivyo, mimi nasimama na wanaosema udongo. Sababu ni kwamba Kemet ilikuwa na pacha wake, Desheret, "ile nyekundu", na Desheret ni jangwa. Hakuna taifa la watu wekundu lililokuwa likikaa huko. Majina mawili haya ni ya ardhi mbili ambazo mpaka wake unaonekana kwa macho: hata leo, katika sehemu nyingi za bonde, unaweza kusimama mguu mmoja kwenye shamba na mwingine kwenye mchanga.

Lakini hoja kubwa ya Diop, kwamba Misri ni tunda la Afrika, haikulihitaji neno hili ili isimame. Ina ushahidi wake ardhini, na unaanzia kwenye ile nchi nyekundu ilipokuwa bado kijani.

Sahara haikuwa jangwa siku zote. Kwa maelfu ya miaka ilipata mvua za msimu, ikawa na majani, vidimbwi na wafugaji. Mahali paitwapo Nabta Playa, kilomita 100 hivi magharibi ya Abu Simbel, kusini mwa Misri, watu hao walichimba visima, wakazika ng'ombe kwa heshima na kusimamisha mawe kwa mpangilio, miaka mingi kabla ya piramidi ya kwanza. Kisha mvua zikarudi kusini kidogo kidogo, na kufikia miaka 5,000 hivi iliyopita malisho yalikuwa yamekwisha. Wenye mifugo walifuata maji, na maji ya kuaminika yalikuwa mto Nile. Mpindo anaoshika Firauni kifuani, ambao kila mtu ameuona kwenye jeneza la Tutankhamun, si chombo cha mkulima. Ni fimbo ya mchungaji.

Mashamba yenyewe yana asili mchanganyiko. Ngano, shayiri, kondoo na mbuzi viliingia kutoka Asia Magharibi. Lugha ni ya familia ya Kiafro-Asia, ambamo wamo Kiarabu na Kiebrania, lakini pia Kihausa, Kisomali, Kioromo, na hata Kiiraqw cha watu wa Mbulu huko Manyara. Kwa hiyo swali la "walitoka wapi" halina jibu la mstari mmoja, na anayekupa la mstari mmoja ana lake.

Kinachoonekana wazi ni kwamba utamaduni ulikomaa kusini kabla ya kushuka kaskazini. Tangu mwaka 4400 KK hivi, huko Badari, watu walifinyanga vyungu vyembamba ajabu, vyekundu mwilini na vyeusi mdomoni. (Siwezi kuapa kwamba walikuwa wakifikiria ardhi zao mbili walipokuwa wakichoma vyungu hivyo, lakini ukivitazama ni vigumu kutofikiria.) Baada yao wakaja watu wa Naqada, na miji ya Nekhen na Abydos ikapata wakubwa. Katika kaburi moja la Abydos, la mwaka 3200 KK hivi, vilipatikana vibao vidogo vya mfupa na pembe za ndovu, vyenye tundu la kupitisha uzi na alama zilizochongwa: ni miongoni mwa maandishi ya kale zaidi duniani, na yaelekea kazi yake ilikuwa ya kibohari tu, kuonyesha mzigo ni wa wapi na ni kiasi gani. Kufikia mwaka 3100 KK hivi, mfalme Narmer anaonekana kwenye kibao cha jiwe akiwa na taji jeupe la kusini upande mmoja, na upande wa pili taji jekundu la kaskazini. Kusini ndiko Misri ya Juu, kaskazini ndiko Misri ya Chini. Hapo ramani isikuchanganye, fuata mto unakotiririka.

Sasa turudi kwenye tope, maana ndilo lililoipa nchi jina.

Tope hilo halikuwa la Misri. Lilikuwa la Ethiopia. Mvua za masika ya kule, kuanzia Juni hadi Septemba, ziliuparua udongo wa milima na kuushusha kupitia Nile ya Buluu na mto Atbara. Sisi wa pande za Ziwa Victoria hupenda kujisifu kwamba Nile ni yetu, na kweli Nile Nyeupe ndiyo inayoufanya mto usikatike miezi ya ukame. Lakini maji yetu hufika taratibu, yakiwa yamechujwa na vinamasi vya Sudan Kusini. Kwa habari ya tope, shukrani ziende kwa Wahabeshi.

Mafuriko yalifika Misri katikati ya kiangazi, wakati hakuna hata tone la mvua linaloanguka huko. Maji yalitanda mashambani kwa wiki kadhaa, kisha yakapungua na kuacha tabaka jipya jeusi. Mkulima alimwaga mbegu kwenye unyevu huohuo. Wazee wa Rufiji waliolima mlau, kilimo cha kufuata maji yanapopungua, wangemwelewa mkulima huyo bila mkalimani. Mwaka wao uligawanywa kwa mto: Akhet, mafuriko, Peret, kuchomoza kwa mimea, Shemu, mavuno. Kila msimu miezi minne ya siku 30, na siku tano za nyongeza mwishoni ili hesabu ifike 365. Kwenye kisiwa cha Elephantine, mbele ya Aswan, kuna ngazi za mawe zenye alama za kupimia kina. Maji yakipanda mno, vijiji vinasombwa. Yakipanda kidogo, njaa. Na kutokana na kipimo hicho serikali ilijua mapema mavuno na kodi ya mwaka vitakuwaje.

Ndiyo maana weusi kwao ulikuwa rangi ya uhai. Osiris, mungu aliyeuawa akafufuka, huchorwa kijani au mweusi. Anubis mlinzi wa makaburi ni mweusi, ingawa mbweha wa jangwani hana rangi hiyo. Wekundu ulikuwa wa Seth, mungu wa jangwa na vurugu. Makarani walikuwa na wino wa aina mbili, mweusi kwa maandishi ya kawaida na mwekundu kwa vichwa vya habari, na wakati mwingine kwa majina ya viumbe wa kuogopwa. Utaratibu waliouita maat, yaani haki, ukweli na kila kitu kukaa mahali pake, haukuwa wazo la kuelea hewani kwa watu walioona mpaka kati ya shibe na kifo kila walipotoka mlangoni.

Na hapa kuna jambo ambalo vitabu vya shule hulipita haraka. Wamisri waliishi kwenye ardhi nyeusi na kuzika kwenye ile nyekundu. Ilikuwa akili ya kawaida: hakuna anayepoteza shamba kwa kaburi, wala anayetaka mafuriko yamfikie babu yake. Nyumba zao, hata ikulu za wafalme, zilijengwa kwa matofali ya udongo mbichi. Ziliporomoka, zikajengewa juu, zikafunikwa na tope la mafuriko, na baadaye wakulima walizichimba na kuzimwaga mashambani kama mbolea, maana udongo wa magofu una rutuba. Makaburi, kwa upande wake, yalikaa kwenye mchanga mkavu usioozesha kitu. Miili iliyozikwa Gebelein zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, bila dawa wala bandeji, bado ina ngozi na nywele.

Matokeo yake tunadhani Wamisri waliwaza kifo usiku na mchana. Si kweli. Ni kwamba kifo ndicho kilichohifadhiwa. Kijiji cha Deir el-Medina kinaonyesha upande wa pili, kwa kuwa kwa bahati kilijengwa ukingoni mwa jangwa, pale mafuriko yasipofika. Humo walikaa mafundi wa makaburi ya wafalme huko Thebes, mji wa kusini, na wametuachia maelfu ya vigae na vipande vya mawe vilivyoandikwa: madeni ya punda, orodha za nguo za dobi, visingizio vya kutokwenda kazini, kesi za majirani. Katika mwaka wa 29 wa Ramesses wa Tatu, posho yao ya nafaka ilipochelewa, waliweka zana chini na kwenda kuketi nyuma ya hekalu hadi walipwe. Ni mgomo wa kwanza wa wafanyakazi tunaoujua. Miji mingi mikubwa kuliko kijiji hicho, yenye gumzo kama hilo, iko chini ya mashamba na mitaa ya leo.

Bwawa Kuu la Aswan lilikamilika mwaka 1970, na mafuriko yakakoma. Mkulima wa Misri sasa anavuna zaidi ya mara moja kwa mwaka, lakini mbolea anainunua dukani. Tope la Ethiopia liliendelea kushuka baada ya hapo. Lilifika Ziwa Nasser, nyuma ya bwawa hilo, likatulia chini, juu ya vijiji vya Wanubi vilivyozama, na halikuendelea mbele.