Yoga na tai chi si zoezi moja

Wengi husema yoga na tai chi yote ni mazoezi ya polepole, chagua lolote. Si kweli, na kwa mzee anayeogopa kuanguka tofauti ni kubwa mno. Kwenye tai chi unasimama, magoti umeyakunja kidogo, unahamisha uzito taratibu toka mguu huu hadi ule; hapo ndipo mwili unapozoea kujishikilia. Utafiti wa Oregon, Marekani, uliochapishwa 2012, ulihusisha wagonjwa 195 wa Parkinson, maradhi ya ubongo yanayoleta kutetemeka na kuyumba: waliofanya tai chi mara mbili kwa wiki walianguka mara chache kuliko waliojinyoosha tu. Yoga nayo husaidia maumivu sugu ya mgongo, ila mwenye presha ya macho aepuke kabisa mikao ya kichwa chini.