Huyo si kiwavijeshi, weka bomba chini

Wiki hii nimetumiwa tena picha ya jani la mlimao na swali lilelile: "Kiwavijeshi kaingia, nipige dawa gani?" Anayeuliza ni mtu aliyewahi kuniomba nimsaidie kupata bustani yenye vipepeo na ndege. Kwa hiyo leo naandika, nikiulizwa tena niwe na pa kumwelekeza mtu.

Kiwavijeshi vamizi alionekana Afrika 2016, mwaka uliofuata akafika Tanzania, na wakulima wa mahindi walilia kwa haki. Ila tangu hapo kila kinachotambaa juu ya jani kimebandikwa jina lake. Kumtambua si kazi: kichwani ana alama ya Y iliyopinduliwa, na karibu na mkia ana madoa manne meusi yaliyokaa mraba. Apendacho zaidi ni mahindi, mtama na jamaa zao wa nyasi.

Sasa mtazame huyo wa kwenye mlimao. Akiwa mdogo ni wa kahawia iliyokolea, mwenye baka jeupe mgongoni. Ukimwona harakaharaka utadhani ni kinyesi cha ndege, na hiyo ndiyo kinga yake. Akikua anageuka kijani. Mguse kwa ncha ya kijiti: nyuma ya kichwa inachomoza pembe laini yenye panda mbili, rangi ya chungwa, na harufu kali inakupiga puani. Haumi wala hawashi. Ukimwacha anakuwa pupa, kisha anatoka yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano hafifu, Papilio demodocus, ambaye ndiye uliyekuwa unamtaka. Kule Gede, Kilifi, nchini Kenya, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, tangu 1993 kuna mradi wa Kipepeo, ambapo wakazi hulisha viwavi wa vipepeo kwa majani na pupa huuzwa ng'ambo.

Linalonikera kuliko yote ni hili: "Mimi situmii sumu, napiga mwarobaini, ni wa asili." Mwarobaini unaua! Kiini chake, azadiraktini, huvuruga homoni za kujivua ngozi. Kiwavi aliyekula jani lililopigwa huacha kula, hushindwa kujivua, na baada ya siku kadhaa amekufa. Kwenye mchicha wa kuuza naitumia mwenyewe, tena bila kusita. Ni kweli pia kwamba nyuki aliyekomaa haumii sana, kwa kuwa hali majani. Lakini kiwavi chakula chake ni jani, na wa kipepeo hufa sawasawa na mharibifu. Maji ya sabuni vilevile huua kila chenye mwili laini kinacholowa: vidukari, pamoja na watoto wa wale wadudu wekundu wenye madoa meusi wanaowala vidukari. Watoto hao ni weusi na warefu, hawafanani kabisa na wazazi wao, kwa hiyo watu huwaponda wakidhani wanaokoa mmea.

Na ndege je? Chozi mnamwona akinyonya maua, ila makinda yake hulelewa kwa wadudu na buibui. Mnana ni mla mbegu, naye kiotani hupeleka wadudu. Ukitaka makinda, kubali majani yaliyotobolewa. Hata nyigu mnaowachomea viota barazani huwinda viwavi wakalishe watoto wao.

Mengine kwa ufupi: usipige dawa yoyote maua yakiwa wazi, majani makavu yaache chini ya mti, na maji ya ndege badilisha kila siku mbili tatu, mbu wasizaliane.

Mlimao uliofika kifuani ukiliwa majani unachipua tena. Mche wa kwenye kopo ni habari nyingine, viwavi wachache wakubwa wanaweza kuumaliza. Hao nawaokota kwa mkono. Kwa mti wa kati, wa magoti hadi kiunoni, sina kanuni. Naangalia kama ncha inayokua bado ipo, basi. Yupo mtaalamu atakayeokota mapema kuliko mimi, na siwezi kusema anakosea. Ukiona huwezi kuvumilia mlimao wa mbele ya nyumba kuliwa, panda mwingine uani na uwahamishie viwavi huko, kila mmoja pamoja na jani alilolikalia.