Mwenye shanti akilalamika mgongo na miguu, msisubiri kesho

Mzazi wa mtoto aliyewekewa shanti, yaani mrija wa kupunguza maji kichwani, kwa sababu ya kichwa kikubwa hujifunza mapema dalili za kichwani: kutapika, usingizi usio wa kawaida, utosi kuvimba. Ni sahihi, maana mrija kuziba na maambukizi ndiyo matatizo tunayokutana nayo zaidi. Mgongo hutajwa mara chache, na ndiyo maana naandika.

Shanti hutoa maji yaliyozidi kwenye vyumba vya ubongo na kuyapeleka tumboni kwa mrija unaopita chini ya ngozi. Maji hayohayo huuzunguka pia uti wa mgongo. Mtu mzima hutengeneza takribani nusu lita kwa siku, ingawa yaliyopo kwa wakati mmoja ni kama mililita 150 tu. Mrija ukivuta kupita kiasi, presha ya maji hushuka, na mishipa ya vena iliyo ndani ya mfereji wa uti wa mgongo hutanuka kujaza nafasi iliyobaki. Vena hizo zina kuta nyembamba. Mtu akianguka kwa kishindo au akipata ajali ya bodaboda, zinaweza kuchanika. Wakati mwingine damu huvujia kichwani kwanza, chini ya utando wa ubongo, kisha ikashuka hadi kiunoni. Damu kuvuja mgongoni namna hii hutokea kwa nadra sana. Anayetumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda yuko katika hatari zaidi, lakini asiiache bila kuzungumza na daktari wake.

Mfereji wa uti wa mgongo umezungukwa na mifupa, hautanuki. Damu ikikusanyika humo hukandamiza neva. Mgonjwa huanza na maumivu makali ya mgongo au shingo, ya ghafla, yanayoweza kushuka miguuni. Baadaye miguu hulegea au kufa ganzi, sehemu za siri hupoteza hisia, mkojo hukwama. Mgonjwa wa namna hii hapaswi kuchuliwa wala kukandwa, na dawa ya maumivu ya dukani isiwachelewesheni. Ikiwa damu inabana neva na miguu inaendelea kulegea, kwa kawaida tunafungua mgongo kuitoa, na kila saa inayopita hupunguza nafasi ya miguu kurudi.

Watoto wenye shanti waliozaliwa na mgongo wazi wanahitaji jicho la pekee. Wengi wao tayari wana udhaifu wa miguu na shida ya mkojo, hivyo mtu asiyewafahamu hawezi kuona tofauti. Mama anaiona. Akisema, “Jana alitambaa, leo hawezi,” maneno hayo yanatosha kuanza uchunguzi.

Baada ya ajali mbebeni akiwa amenyooka, juu ya ubao ikiwezekana, asikalishwe kwenye pikipiki. Mapokezi semeni mara moja kwamba ana shanti, na mtoe kadi yake. Kipimo cha MRI ndicho kinachoonyesha damu hii vizuri zaidi, lakini sumaku yake inaweza kubadili mpangilio wa baadhi ya vali za shanti (sehemu inayodhibiti maji yanayopita mrijani) zinazorekebishwa kutoka nje. Vali ya aina hiyo lazima ikaguliwe baada ya kipimo, kabla mgonjwa hajaondoka.