Kukonvati leseni ya urubani Ulaya maana yake nini hasa

Neno lenyewe linapotosha. Ukisikia kubadili leseni unawaza kama ya gari, unapeleka yako dirishani unapewa yao, sasa kwenye ndege hakuna kitu kama hicho. Leseni yako ya Kenya au Tanzania inabaki kwako, hakuna anayeichukua, ila unatafuta ya pili, na utakachovuka nacho cha maana ni masaa ya kuruka yaliyo kwenye logibuku yako, daftari la kuandikia kila safari uliyorusha.

Mtu atauliza, mbona marubani wa Nairobi wanatua Paris na leseni hiyohiyo ya Kenya? Angalia ubavuni mwa ndege. Namba za usajili za Kenya zinaanza na 5Y, za Tanzania 5H, Ujerumani D, Ufaransa F. Mkataba wa Chicago wa 1944 unazitaka nchi zitambue leseni iliyotolewa na nchi ilikosajiliwa ndege, kwa hiyo leseni inafuata usajili wa ndege, haifuati uwanja unaotua. Siku unataka kurusha ndege ya D kwa mshahara ndo unadaiwa leseni ya EASA, yaani shirika la usalama wa anga la Umoja wa Ulaya. Leseni inatolewa na mamlaka ya nchi moja halafu inakubalika kote, hata Norway na Uswisi ambazo hazimo kwenye Umoja. Uingereza ilijitoa mwisho wa 2020, yake ni nyingine kabisa.

Shughuli pevu ni mitihani. Kwa leseni ya biashara ya mashirika makubwa iko 13, kila mmoja unatakiwa upate asilimia 75, yote ndani ya miezi 18 tangu ulipoanza, na ukifeli mmoja mara 4 unarudia yote upya. Chuo kilichoidhinishwa kinaweza kukupunguzia masaa ya darasani kwa uzoefu wako, mitihani yenyewe hakipunguzi. Najua inauma kwa mtu mwenye masaa elfu kadhaa kuulizwa tena habari za mawingu, lakini kuna vitu vipya kweli humo, mfano rubani aliyezoea Wilson, uwanja wa ndege wa Nairobi ulio futi 5,500 na ushee juu ya bahari, anaijua vizuri hewa nyepesi ya joto inayofanya ndege ichelewe kunyanyuka, ila kwenye baridi kali ya Ulaya hewa imeshikana na altimita, kipima urefu cha ndege, inamwambia yuko juu kuliko alipo kweli, na kama mbele kuna mlima hilo lazima alijue kabla hajafika.

Baada ya hapo kuna mtihani wa kuruka na mkaguzi, na Kiingereza cha angani angalau kiwango cha 4.

Usichanganye na kibali cha muda. Hicho kinakuruhusu utumie leseni yako ya zamani kwa muda usiozidi mwaka 1, kina masharti yake magumu, na kinaongezwa mara moja tu kama tayari umeanza kutafuta ya EASA.

Kama umeamua, tafadhali anza na cheti cha afya cha daraja la 1, kinachopimwa kwenye kituo chao cha afya ya anga, cha nyumbani hakihesabiki. Macho au moyo vikikukwamisha ni heri ujue mapema kabla hujalipa ada ya chuo, na nchi utakayopimwa ichague vizuri manake faili lako la afya linatakiwa likae kwa mamlaka ileile itakayokupa leseni.